Usiku wa Gala

Mashindano ya kuteleza kwenye barafu yakishaisha, medali zimevaliwa na nyimbo za taifa zimepigwa, watu wengi huzima televisheni. Mimi ndipo ninapokaa vizuri. Bado kuna gala: walewale walioshindana wanarudi uwanjani bila majaji wala alama, taa zimepunguzwa, kila mmoja na wimbo aupendao. Leo nimerudia gala ya Olimpiki ya Beijing, ya tarehe 20 Februari 2022, na usingizi umekataa.

Desturi za mchezo huu zilinivuta kabla hata sijajua kutofautisha mruko mmoja na mwingine. Japani, mtelezaji akishasimama mahali pake, sauti hutoka jukwaani ikilitaja jina lake na kumwambia "Ganba!", jikaze, halafu ukumbi wote unanyamaza kumsubiria muziki. Akimaliza, anainama kila upande, na hapo zawadi zinaanza kuruka. Maua hufungwa kwa plastiki barabara, maana petali moja tu ikibaki kwenye barafu inaweza kumwangusha anayefuata. Yuzuru Hanyu, mtelezaji wa Kijapani, alikuwa akirushiwa midoli ya Winnie the Pooh, yule dubu wa katuni, kwa sababu mashabiki walijua anampenda. Februari 2018 kule Gangneung, Korea Kusini, siku aliyotwaa dhahabu ya Olimpiki kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo mwanamume wa mwisho kulifanya alikuwa Dick Button mwaka 1952, barafu iligeuka ya njano kwa wale dubu. Watoto wanaookota walikuwa wanakwenda na kurudi, wamekumbatia mizigo inayowazidi kimo.

Tuliokulia na taarabu hatuhitaji kuelezwa hili. Mwimbaji akikugusa, unanyanyuka unakwenda kumtunza. Tofauti ni kwamba barafuni huruhusiwi kukanyaga, kwa hiyo tuzo inabidi iruke. Dubu wale Hanyu hakuwa anaondoka nao. Walikuwa wakigawiwa watoto na mashirika ya hisani ya mji ule ule wa mashindano. Nalipenda sana jambo hili.

Huwa namwangalia pia yule anayefuata. Yuko ndani ya uwanja tayari, anazunguka akikwepa midoli ya mwenzake, anapumua kwa nguvu, na jina lake likitangazwa ana nusu dakika tu ya kujipanga. Wakati huo mwenzake ameshakaa kwenye lile benchi la busu na machozi, kocha pembeni, kamera usoni, wote wakisubiri namba.

Korona ilipoingia, kurusha kulikatazwa. Beijing walioingia ukumbini walikuwa wageni waalikwa tu. Hanyu alijaribu Axel ya mizunguko minne na nusu, mruko ambao hakuna aliyekuwa ameutua mashindanoni, akaanguka, akamaliza wa nne. Hakuna hata dubu mmoja aliyeruka. Alisimama kuaga kwenye barafu nyeupe tupu.

Gala yake akaifanya kwa "Haru yo, Koi".

Wimbo huu ni wa Yumi Matsutoya, ulitoka kama singo Oktoba 1994, ukiwa wimbo wa tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Hanyu mwenyewe alizaliwa Desemba mwaka huohuo, kwa hiyo wimbo umemzidi umri kwa wiki chache. Miaka ile singo za Japani zilikuwa kwenye CD ndogo za sentimita 8. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Osaka aliniletea chache za wakati huo kutoka duka la mitumba ya muziki, na moja iko mezani hapa: kasha la karatasi jembamba, refu mara mbili ya diski yenyewe, kwa ndani kuna kitako cha plastiki ambacho nusu yake unaweza kuivunja ili kasha likunjwe liingie mfukoni. Mwenye singo hii hakulikunja. Maneno ya wimbo yamechapwa kwa ndani, herufi ndogondogo. Kuna wimbo wenyewe, kuna wa pili wa kusindikiza, halafu mwishoni ule wa kwanza unarudi, sauti ya mwimbaji imeondolewa, vyombo vitupu. Wenyewe huuita karaoke, nawe umepewa nafasi ya kuimba.

Kwa muda mrefu watelezaji wa mmoja mmoja na wa jozi hawakuruhusiwa kutumia nyimbo zenye maneno mashindanoni. Ruhusa ilikuja msimu wa 2014–15. Kwa hiyo nyimbo za kuimbwa makao yake yalikuwa gala. Hanyu, mtoto wa mji wa Sendai, Japani, alikuwa mazoezini juu ya barafu tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilipopiga, akakimbia nje na viatu vya barafu miguuni. Baadaye gala yake ikawa "Hana wa Saku", wimbo uliotolewa 2012 kuchangia walioathirika na maafa yale.

Kwa "Haru yo, Koi" alikuwa huru kuchukua sauti ya Matsutoya. Akachagua piano peke yake. Ni wimbo wa kuiita majira ya kuchipua ije, na Mjapani yeyote anayejua wimbo huu akiisikia piano ile anaanza kuyajaza maneno mwenyewe moyoni. Anateleza akiwa ameinama karibu na barafu, mkono unapita chini, anachota vumbi la barafu na kulirusha juu. Mimi Kijapani changu ni cha kuokoteza, lakini niliyasoma yale maneno mpaka yakakaa, na leo nimeyaimba yote kwa sauti ya chini tangu anaanza mpaka anamaliza.

Dada yangu hakubaliani nami. Anasema ukiondoa sauti umebakiza biti, na kwamba Matsutoya ndiye wimbo wenyewe. Tumebishana mara nyingi. Ninachomwambia ni kwamba mtu aliyeanguka siku kumi zilizotangulia mbele ya dunia nzima, katika ukumbi usioruhusiwa kumtunza, alihitaji wimbo ambao watu wa kwao wangeweza kuumalizia wakiwa majumbani. Julai mwaka huo aliacha mashindano. Jumamosi dada anakuja. Nitamwekea singo kwanza, yenye sauti, halafu gala, na safari hii aniambie ni wapi hasa anaposikia pengo.