Miwaridi ya mama ilivyohamia Naliendele

Mama aliposema hahami Chikongola, Mtwara mjini, bila mawaridi yake, nilidhani ni maneno tu ya mtu anayeaga nyumba aliyoikaa miaka ishirini. Siku ya kuhama, vitanda, kabati na hata mbuzi ya kukunia nazi vimeshapanda kirikuu, yeye kasimama ukutani, ananionyesha miwaridi mitatu inayonifika kifuani: "Na hii je?"

Ilikuwa Septemba. Mvua za masika zilishasahaulika, ardhi kavu, upepo haupoi. Nikachukua jembe nikang'oa mmoja palepale. Mchanga ukamwagika wote, nikabaki na mizizi mitupu kama ufagio. Matawi sikuyagusa, maana ulikuwa na maua saba na mama ananitazama. Jioni ile tukaupanda Naliendele, nje ya mji, kwenye nyumba mpya, tukaumwagia ndoo mbili. Siku ya tatu majani yakalala. Siku ya kumi yakawa yanavunjika vidoleni kama majani ya chai, na maji niliyokuwa nikimwaga asubuhi na jioni hayakusaidia kitu.

Jirani yetu mpya, mzee aliyewahi kutunza bustani za watu mjini, alikuja kutukaribisha. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye waridi. Akalikwaruza gome kwa ukucha: kahawia hadi ndani. "Mwanangu, huu umeukata miguu, halafu ukautwisha mzigo uleule." Akanieleza kwamba kinachonyonya maji ni vile vizizi vyembamba kama nywele, na vyote nilikuwa nimeviacha Chikongola. Majani nayo yaliendelea kupoteza maji kwa jua na upepo kama kawaida.

Miwili iliyobaki tukaombea ruhusa ikae hadi mvua. Mwanzoni mwa Desemba nilirudi na panga, nikachora duara futi moja na nusu kutoka shinani, nikakata mizizi ya nusu duara tu, panga likizama wima. Wiki mbili baadaye nikamalizia nusu ya pili. Lengo ni mti uote vizizi vipya karibu na shina, ndani ya udongo utakaosafiri nao. Kila nilipopita mjini niliimwagilia.

Januari mvua zikashika. Nikangoja siku ya mawingu. Jana yake nililowesha udongo vizuri, maana mchanga mkavu haukubali kushikana. Asubuhi nikaanza na mkasi, na hapo ndipo mama alipoingia ndani asione. Nilikata matawi yote hadi usawa wa goti, kila mkato juu kidogo ya jicho, pale tawi linapochipukia, linalotazama nje, nikapukutisha na majani yaliyosalia. Halafu nikachimba mfereji kuzunguka, nikapenyeza beleshi chini, tukaingiza salfeti na kuifunga kwa kamba ya katani. Tulinyanyua watu wawili kwa kushika salfeti. Ukishika shina, udongo unabaki chini na wewe unabaki na ufagio wako.

Mashimo nilikuwa nimeyachimba mapema, mapana mara mbili ya bonge la udongo. Niliweka mti usawa uleule wa zamani, kwa kufuata alama ya udongo kwenye shina, nikafukia nusu, nikamwaga maji hadi mapovu yakakoma, ndipo nikamalizia. Kukanyagakanyaga mzee alikataa. Samadi nilichanganya ile ya zamani iliyooza kabisa. Mbichi inaunguza mizizi. Kisha makuti upande wa magharibi kwa wiki tatu. Nyasi za kufunika udongo niliziweka mbali na shina kiasi cha kiganja, kwa sababu mchwa wa huku hawapigi hodi. Maji ya kisima cha karibu yana chumvi, kwa hiyo nilikinga ya bati.

Mmoja ulitoa vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mchele, siku ya kumi na tisa. Wa pili ulikaa kimya wiki tano. Mama alishaanza kuuita marehemu. Nikaukwaruza kama mzee alivyofanya, nikakuta kijani, nikaacha kuusumbua.

Juni yakaja mengine: majani yakapakwa unga mweupe, ugonjwa wa ubwiriunga, kama mikorosho inavyopata wakati huohuo. Salfa ya shambani ilikuwepo, nikapuliza kidogo sana asubuhi kabla ya jua kuwaka, na ikatosha.

Sasa yote miwili inachanua, na mama anachuma asubuhi umande haujakauka. Juzi kaniita, kaweka mikono kiunoni. Anaona ule wa kushoto umekaa karibu mno na uzio, usogezwe hatua mbili. Nimemwambia tuongee Januari.