Kilio Kisichotaja Jina

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 2:23–25.

Mstari wa 23 nimeusoma tangu shule ya Jumapili, lakini safari hii nimeona kitu ambacho hakimo. "Wana wa Israeli wakaugua kwa sababu ya ule utumwa, wakalia, kilio chao kikafika juu kwa Mungu." Basi. Haikuandikwa kwamba walimlilia Mungu. Walilia tu, na kilio kikajua njia. Huenda wengi hata jina lake walikuwa wamelisahau, maana Musa mwenyewe sura inayofuata anauliza: wakiniuliza jina lake ni nani, niwaambie nini?

Kilichonifanya nisome polepole ni ibada ya nyumbani ya juma lililopita. Tulikuwa tunaiombea Haiti, nchi iliyo kisiwani huko Karibi, mpendwa mmoja akasema kwa uhakika kabisa, "Wale walifanya agano na shetani wapate uhuru, ndiyo maana hawatulii." Hakuna aliyemjibu. Mimi nilijiongezea sukari kwenye chai nikanyamaza, na ukimya ule umenikaa rohoni hadi leo.

Sukari yenyewe ndiyo habari. Haiti ilipokuwa koloni la Ufaransa ikiitwa Saint-Domingue, ilitoa karibu nusu ya sukari iliyoliwa Ulaya na zaidi ya nusu ya kahawa. Mwaka 1789 walikuwapo watumwa wapatao 500,000 chini ya Wazungu kama 30,000. Msimu wa mavuno kinu cha miwa kilizunguka usiku kucha, na panga au shoka liliwekwa karibu: mtu akisinzia mkono ukanaswa, ukatwe upesi kabla mwili wote haujavutwa ndani. Watu walikufa haraka kuliko walivyozaliwa, kwa hiyo meli hazikukoma kuleta wengine.

Na mabwana hao walikuwa Wakristo. Sheria ya Mfalme Louis XIV ya mwaka 1685 inaamuru katika ibara ya 2 kwamba kila mtumwa abatizwe na kufundishwa dini. Siku ya Jumapili asifanye kazi. Ukishuka hadi ibara ya 38, mtumwa aliyetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na achomwe alama begani kwa chuma cha moto. Sheria ni moja, na imepigwa muhuri mmoja.

Sasa hapa ndipo nilipokwama siku mbili. Wengi wa watumwa hao walizaliwa Afrika, wengine wakiwa wamepakiwa Msumbiji, pwani hii hii yetu, lakini kundi kubwa lilitoka Kongo. Na mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, mwaka mmoja kabla Columbus hajakifikia kisiwa kile. Yaani baadhi ya wale walioshushwa melini wakiwa na minyororo walitoka katika nchi iliyokuwa imelitaja jina la Yesu kwa miaka 300. Mnyapara aliyewapeleka shambani hakuwaletea jina hilo.

Watumwa hao wakaasi, na mmoja wa viongozi wao aliitwa Macaya. Mwaka 1793 makamishna wa Ufaransa walimtaka ajiunge na jamhuri yao. Akakataa. Akawajibu kwamba yeye ni raia wa wafalme watatu: mfalme wa Kongo, bwana wa watu weusi wote; mfalme wa Ufaransa, aliye mfano wa baba yake; na mfalme wa Hispania, aliye mfano wa mama yake. Na wafalme hao watatu, akasema, ni uzao wa wale walioongozwa na nyota kwenda kumsujudia Mungu aliyefanyika mtu.

Mamajusi! Mtu katikati ya vita, moshi wa mashamba ya miwa nyuma yake, anafungua Mathayo 2 na kumpa mfalme wa Kongo nafasi mbele ya mtoto Yesu. Kama siasa, jibu lile lilikuwa la ajabu, na wafalme hao wawili wa Ulaya hawakuwa marafiki wa mtumwa yeyote. Lakini nani alimfundisha kusoma nyota hivyo? Si sheria ya 1685.

Najua mpendwa wetu alikuwa anazungumzia usiku wa Agosti 1791 pale Bois Caïman, ambapo watumwa walikutana msituni, wakala kiapo, na siku chache baadaye tambarare ya kaskazini ikawaka moto. Ilikuwa ibada ya jadi zao, sitaificha. Sala inayosimuliwa kuwa ya kiongozi wao, Boukman, iliandikwa zaidi ya miaka 30 baadaye, hivyo siwezi kuapa kwamba ni maneno yake. Ila inamwita Mungu aliyeumba jua na kuitikisa bahari, anayeona matendo ya Wazungu, na inasema mungu wao anaagiza uovu ilhali wetu anataka mema. Ningekuwa nimemjua Mungu kupitia ibara ya 38, nami ningesema nini?

Vita vilidumu miaka 12. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, kisha mwishoni mwa mwaka 1801 Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, akatuma jeshi kubwa kuirudisha koloni mikononi mwake, na homa ya manjano ikaua sehemu kubwa ya jeshi hilo pamoja na kamanda wake. Toussaint Louverture, jemadari mkuu wa weusi, aliyekuwa mtumwa na mpenda kanisa, alikamatwa kwa hila akafia gerezani kwenye baridi ya milima ya Jura, tarehe 7 Aprili 1803. Nilihesabu kalenda: ilikuwa Alhamisi Kuu.

Tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, Dessalines, aliyekuwa jemadari chini ya Toussaint, alitangaza uhuru. Katika miezi iliyofuata aliamuru Wafaransa waliobaki wauawe, wanawake na watoto pia. Siwezi kuliruka hilo ili somo linyooke.

Kuhusu kutotulia kwao: Kutoka 12 inasema Waisraeli waliondoka na fedha na dhahabu za Wamisri. Haiti ilikuwa kinyume. Mwaka 1825 Mfalme Charles X wa Ufaransa alipeleka manowari na ankara ya faranga milioni 150, fidia kwa waliokuwa mabwana, na ndani ya hasara iliyohesabiwa walikuwemo watu wenyewe. Baadaye ikapunguzwa hadi milioni 90. Ili walipe awamu ya kwanza walikopa Paris, kwa riba. Mpendwa wangu, ukisoma haya, hayo ndiyo niliyopaswa kukuambia ile Jumatano, badala ya kukoroga chai.

Kila tarehe 1 Januari familia za Haiti hupika supu ya boga, joumou. Husimuliwa kwamba watumwa waliipika kwa ajili ya meza ya bwana na wao hawakuruhusiwa kuionja. Sasa hupelekeana bakuli nyumba hadi nyumba, na watoto hupewa wakiwa bado na usingizi. Kutoka 12:26 imewaandaa wazazi kwa swali watakaloulizwa na watoto: hii maana yake nini?