Kiingereza husomwa kuanzia mkiani

Mwanafunzi wa tafsiri anasoma sarufi ya Kiingereza ili ajue sentensi imemficha nini. Kuongea vizuri ni shughuli nyingine. Kiingereza kinaruhusu nomino zipangwe kama mabehewa, bila kiungo chochote katikati, msomaji ajaze mwenyewe. Kiswahili kinakudai useme: ya nani, ya nini, kwa ajili ya nini.

Tubuni bango la ufukweni hapa Bagamoyo, pale mashua zinaposhusha samaki: "Fish market landing fee collection point". Nomino sita mfululizo. Anza na ya mwisho, "point", kwa sababu hiyo ndiyo mama wa zote. Kisha rudi nyuma mojamoja ukiuliza. Mahali pa nini? Pa kukusanya. Kukusanya nini? Ushuru. Ushuru wa nini? Wa "landing". Hapa wengi wanapotea, maana wanakimbilia kutua, na ghafla soko la samaki limepata ndege. Ufukweni watu wanashusha samaki.

Sasa ukiunga kila kitu kwa -a unganifu (wa, ya, cha na wenzake) unapata "Kituo cha ukusanyaji wa ushuru wa ushushaji wa samaki wa soko la samaki". Sarufi haina kosa, ila mvuvi ataondoka kabla hajaimaliza. Jiulize nani anasimama mbele ya bango. Ofisi inakusanya, mvuvi analipa, na soko lenyewe wote wawili wamo ndani yake. Basi: "Lipia hapa ushuru wa kushusha samaki". Maneno sita, na soko limeachwa kwa makusudi.

Maandishi ya watalii wa Mji Mkongwe yana mtego wake. "Old stone house doors": kilicho cha zamani ni kipi? "Old" inakaa mwanzoni na kujifanya ya wote. Kwa Kiswahili ngeli haikuachii: ni milango ya zamani ya nyumba za mawe, au ni milango ya nyumba za mawe za zamani, ambayo huenda fundi aliipachika mwaka jana. Usije ukaandika "milango ya nyumba za mawe ya zamani", kwa sababu "ya" hiyo inakubaliana na milango na mawe vilevile, na utakuwa umerudisha fumbo lile lile. Jibu halimo kwenye kitabu cha sarufi. Nenda kautazame mlango.

Vihusishi navyo. Soma hii: "By the end of February 1874 Livingstone's body had been carried to Bagamoyo by his companions, and it left for Zanzibar by ship." "By" tatu, kazi tatu: kufikia, na, kwa. Anayezigeuza zote kuwa "na" anaifanya meli iwe mtendaji. Tazama pia "had been carried". Ukiandika "uliletwa" tu, unapoteza kwamba jambo lilikuwa limekwisha tarehe hiyo ilipofika. Sema "ulikuwa umeshaletwa". Na kwa nini "letwa"? "Carried" haielezi msemaji yuko wapi, lakini kuleta na kupeleka vinaeleza. Bango likisimikwa Bagamoyo, akina Chuma na Susi, wale wenzake Livingstone, waliuleta. Kitabu kikisimulia kutoka London, waliupeleka. Kama hujui matini yatasomewa wapi, "kufikisha" linakuokoa.

"The" na "a" zina ugonjwa wake: kila "the" kuwa "ile", kila "a" kuwa "moja". "She is a nurse" ni "Ni muuguzi", basi. "The dhow travels under sail" inazungumzia majahazi yote, kwa hiyo "Jahazi husafiri kwa tanga", bila "lile". Kiswahili kina njia zake za kuonyesha kinachojulikana. "Nilileta barua" ni barua yoyote. "Niliileta barua" ni ile tuliyokuwa tukiingoja. Kitu kipya mara nyingi kinakuja baada ya kitenzi: "Iliingia mashua." Kikishajulikana kinatangulia: "Mashua yenyewe ilikuwa imejaa dagaa." Kwa maoni yangu "ile" nyingi kupita kiasi ndiyo alama ya haraka zaidi ya tafsiri mbichi.

Mwisho, vitenzi. Kabla hujafasiri, pigia mstari kila kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati. "Fish landed before six is sold at once." Anayesoma kuanzia kushoto anakimbilia "landed", anaandika "Samaki walishushwa", halafu "is sold" inamkwamia kooni. Jaribu kuingiza "which is" kabla ya "landed". Imekubali? Basi hicho ni kishazi rejeshi, kile cha "ambaye" au "ambacho", kilichokatwa kichwa, na kitenzi kikuu ni "is sold". Mazoea ya kila siku yanaitaka hu-: "Samaki wanaoshushwa kabla ya saa kumi na mbili huuzwa papo hapo." Umeona "six" imekuwa kumi na mbili, sivyo? Lakini ni ya asubuhi au ya jioni? Sentensi haisemi. Andika swali pembeni kwa penseli, ulipeleke kwa mwenye matini kabla ya kukabidhi kazi.