Nimerudi Tanga baada ya miaka 13, na swali la kwanza kijiweni lilikuwa la gavana

Wakuu habari za siku nyingi. Nimerudi jamani. Hii ni wiki ya tatu niko Ngamiani kwa mama, nimeshazoea tena adhana ya alfajiri na muuza samaki anayepita na baiskeli anapiga honi, mwili nao umeanza kusahau baridi ya Kentucky, lile jimbo la Marekani nililokuwa naishi.

Jioni naenda kijiweni kwenye kahawa, palepale alipokuwa anakaa marehemu baba. Wazee wamenipokea vizuri sana, wakauliza kazi, wakauliza ndoa, hayo yakaisha haraka. Alafu mzee mmoja, rafiki wa baba toka enzi za bandarini, akaweka kikombe chini akaniuliza, "Mwanangu hebu nieleze, gavana wa huko akimkorofisha Rais, si anatumbuliwa kesho yake asubuhi?" Nikamwambia hapana mzee, hawezi. "Hawezi au hataki?" Hawezi mzee, hiyo kalamu hana. Kijiwe kizima kikanigeukia.

Ndo nikawaelezea kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa naishi Louisville, nabeba boksi zamu ya usiku, na mwaka 2019 mwezi wa 11 kulikuwa na uchaguzi wa gavana wa Kentucky. Siku moja kabla ya kura Rais Trump mwenyewe alikuja mpaka Lexington kumpigia debe gavana wa chama chake, Matt Bevin, uwanja umejaa, na Kentucky ni jimbo ambalo Trump mwenyewe alishinda kwa kishindo. Kesho yake Bevin akaanguka kwa kura kama elfu 5 tu, akaingia Andy Beshear wa chama kingine. Na Rais hakuwa na la kufanya, maana gavana hateuliwi na Ikulu ya Washington, anachaguliwa na watu wa jimbo lake na jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake. Mkuu wa mkoa kwetu ni mtu wa Rais, gavana kule ni mtu wa waliompigia kura, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Uchaguzi ule naukumbuka kwa sababu nyingine pia. Jumapili mchana nilikuwa nawafundisha wazee wa Kikongo maswali ya mtihani wa uraia. Louisville kuna Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili, na mwanafunzi wangu mmoja alikuwa bibi wa Uvira aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu kule, miaka mingi kabla hajapelekwa Marekani, Kiswahili chake kilishakuwa cha Kigoma kabisa. Mtihani wakati ule ulikuwa maswali 100 ya kusoma, siku ya usaili afisa anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 umepita. Moja ya maswali ni jina la gavana wa jimbo lako. Bibi alishakariri Bevin miezi mitatu, sasa usaili wake umepangwa Januari 2020 na Desemba gavana mpya ameapishwa. Tukakaa mezani kwake, sombe (kisamvu) iko jikoni inanukia mawese, akachukua kikadi chake cha swali la gavana kilichokwisha kuwa na madoa ya mafuta akalikata jina la zamani kwa kalamu taratibu, akaniambia niandike jipya. Akaliangalia, akasema, "Na huyu aliyetoka amekubali kutoka?" Nikamwambia ndio bibi, alilalamika kidogo wakahakiki hesabu za kura akakubali. Alinyamaza kidogo.

Kwa kweli swali lililotusumbua zaidi lilikuwa lile la ni kitu gani kinazuia muhimili mmoja wa serikali usiwe na nguvu kupita kiasi. Jibu lazima ulitoe kwa Kiingereza, bibi alikuwa anasema "cheksi en balansi" (checks and balances, yaani mihimili kuzuiana) vizuri tu lakini maana haipo. Nikajaribu mafiga matatu, nikamwambia sufuria ni nchi, mafiga ni Bunge, Rais na Mahakama. Akakubali lakini mimi mwenyewe nikaona siyo, mafiga yanabeba tu, hayazuiani. Wale waliotunga Katiba ya Marekani walitaka mihimili izuiane. Congress (Bunge lao, lenye nyumba mbili, Seneti na Baraza la Wawakilishi) inatunga sheria, Rais anaweza kuikataa, Congress nayo ikipata theluthi mbili kwenye nyumba zote mbili inapita bila yeye. Jaji wa Mahakama ya Juu Rais anamteua lakini Seneti isipomkubali haingii, na akishaingia Rais hawezi kumtoa, yule jaji anaweza kesho kusema amri ya aliyemteua imevunja Katiba. Hela ya serikali kuu haitoki hazina bila Congress kuipitisha kwa sheria. Na kitu ambacho Mtanzania kinamshangaza, kwetu waziri lazima awe mbunge, kule ni marufuku, mbunge akiteuliwa waziri anaachia ubunge kwanza. Nia ni mtu mmoja asikae viti viwili.

Basi nikakumbuka kikoba. Nikamuuliza bibi, kule Nyarugusu mlikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa? Akasema tulikuwa nacho. Sanduku lilikuwaje? Akaweka mikono mezani akalichora hewani, "Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne." Kwa nini kufuli tatu? "Kwa sababu pesa ni ya wote." Nikamwambia bibi, hiyo ndo cheksi en balansi. Alicheka akapiga meza, sahani zikaruka. "Kumbe hawakuaminiana!"

Ndio, hawakuaminiana, na hapo ndipo mimi nilipoielewa Marekani baada ya kukaa miaka minane. Wale watu 55 waliokutana Philadelphia kutunga Katiba kiangazi cha 1787, madirisha yamefungwa kwenye joto lile ili siri isitoke, walikuwa wametoka kupigana na mfalme, na serikali yao ya kwanza ya mwaka 1781 ilikuwa dhaifu kiasi kwamba haina uwezo hata wa kutoza kodi. Walihitaji serikali yenye nguvu na wakati huohuo wanaiogopa. James Madison, mmoja wao, aliandika mwaka 1788 kwamba binadamu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, na kwa kuwa anayetawala naye ni binadamu lazima awekewe wa kumzuia. Hawakuweka matumaini kwenye kupata kiongozi mzuri, waliandika wakimfikiria yule mbaya atakayekuja siku moja. Mi nimekulia nchi ambayo kila uchaguzi tunaomba Mungu atupe kiongozi mwenye hofu ya Mungu, na bado naomba hivo, ila kufuli tatu naona ni muhimu zaidi ya dua hiyo.

Sikuwaficha wazee upande mwingine pia, maana nao ni ukweli. Tamko la uhuru la Julai 4, 1776 linasema watu wote wameumbwa sawa, na aliyeliandika, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa. Katiba ya 1787 ukiisoma neno mtumwa halimo, lakini kwenye kugawa viti vya wawakilishi mtumwa alihesabiwa sehemu tatu kati ya tano za mtu. Waliliona ni aibu ndo maana hawakulitaja, na bado wakaliandika. Utumwa ulifutwa kwa marekebisho ya 13 mwaka 1865, na hiyo Kentucky niliyoishi ilikataa kuyaridhia, imekuja kuyaridhia mwaka 1976. Wanawake kura zao zililindwa na Katiba mwaka 1920. Hata zile haki za msingi, kusema, kuabudu, kutokamatwa ovyo, hazikuwemo mwanzo, George Mason, mmoja wa wale 55, aligoma kusaini kwa sababu hiyo, zikaongezwa 1791. Kama sisi tu, Katiba yetu ni ya 1977 na haki zikaingizwa 1984.

Bibi alipita, maswali sita ya kwanza yote alipata, na la gavana aliulizwa. Februari 2020 akala kiapo mahakamani, mimi nimekaa viti vya nyuma. Wanasimama pamoja watu wa nchi nyingi, wananyanyua mkono wa kulia, na ndani ya kile kiapo unaukana utii kwa nchi uliyotoka. Yeye alikuwa hana cha kukana, aliniambia nchi yake ilishamkana yeye kitambo. Mimi grini kadi nilikuwa nayo na miaka ya kuomba ilishafika, ila sisi hatuna uraia pacha, ningenyanyua ule mkono ningeingia Tanga kwa viza. Sikuweza. Nimewafundisha watu maswali 100 ya kuwa raia wa nchi ambayo mwenyewe sikuichukua, na sijutii, lakini siku ile machozi yalinitoka na sikujua ni ya nani.

Sasa juzi kijiweni nimewaonyesha vile vikadi, bibi alinipa vyote wakati naondoka. Mzee akachukua cha maneno matatu ya kwanza ya Katiba ya Marekani, nikamtafsiria, Sisi Watu Wenyewe. Akauliza, "Yetu inasemaje?" Kimya. Kijana anayechoma kahawa akatoa simu akatafuta, akasoma ibara ya 8 kwa sauti, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Mzee akasema rudia. Akarudia. Akasema rudia tena polepole, na akamwomba mjukuu wake amwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa maana macho yamechoka. Kesho baada ya alasiri tumekubaliana kila mtu anakuja na ibara moja, mimi nimepewa ya 55, ile ya mawaziri.