Kwenda Veenhuizen Kumtafuta Babu wa Mama Mkwe

Mama mkwe ana miaka 78, na kwao hakuna aliyewahi kumwambia babu wa babu yake alifia wapi. Mwaka jana alimkuta mwenyewe kwenye nyaraka za mkoa wa Drenthe, kaskazini mwa Uholanzi. Alikuwa mpakua mizigo wa Amsterdam, akakamatwa kwa kuombaomba, akafia Veenhuizen, kijiji cha mkoa huo walikofungiwa maskini, mwaka 1847. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, basi nikamsindikiza mimi, binti wa Morogoro.

Treni hadi Assen, kisha basi. Nchi ile haina hata kichuguu. Mfereji umenyooka kama rula, na miti imepangwa kandokando kama askari wa gwaride. Zamani palikuwa kinamasi tupu, watu wakichimba udongo mweusi na kuukausha ili wauchome kama kuni.

Njiani mama mkwe alinieleza. Mwaka 1818, nchi ikiwa hoi baada ya vita vya Napoleon, jenerali Johannes van den Bosch alianzisha chama cha kuwahamishia maskini wa mijini mashambani. Mahali paitwapo Frederiksoord familia zilipewa nyumba na shamba. Veenhuizen, kuanzia 1823, walipelekwa yatima na ombaomba, na huko hukutoka kwa hiari yako. Jenerali huyohuyo mwaka 1830 alikwenda kutawala kisiwa cha Java, koloni la Waholanzi, akawalazimisha wakulima kuilimia serikali kahawa na miwa. Sikushangaa hata kidogo.

Nikamsimulia Nguvu Kazi ya 1983, jinsi "wazururaji" walivyokusanywa Dar es Salaam na kupelekwa kulima.

"Kumbe na nyinyi?" akasema, kama aliyetuliwa mzigo.

Jengo la pili kati ya matatu ya zamani ya Veenhuizen sasa ni makumbusho ya magereza. Ni mraba mkubwa wenye ua katikati. Vyumba vinavyotazama nje vilikuwa vya familia za wanajeshi wastaafu; ombaomba walikaa upande wa ndani, wakitazama ua, na usiku walilala kwenye vitanda vya kuning'inia. Mama mkwe alisimama pale uani muda mrefu, mkoba kaukumbatia kifuani.

Nyumba za maofisa, zilizojengwa baadaye serikali iliposhika hatamu, zina maneno ukutani: "Fanya Kazi na Usali", na nyingine "Chungu na Tamu", ambayo ilikuwa nyumba ya kutolea dawa. Nilizisoma kama kanga. Tofauti ni kwamba kanga, mvaaji huichagua mwenyewe.

Makaburini wenyeji wamepabandika jina la Jengo la Nne, maana wengi waliotoka matatu yale waliishia hapo. Maofisa wana mawe yao. Waliobaki ni majani tu, yamekatwa vizuri.

Akaniuliza kwetu tungefanya nini. Nikamwambia kwanza tungelipalilia kaburi.

Akatazama uwanja wote ule.

"Lipi?"

Tukakaa kwenye benchi, tukala mkate na jibini aliofunga asubuhi, hadi basi la saa kumi.