Tulilipia Bahari, Tukakuta Mchanga

Mei ikielekea ukingoni, kwetu Uyole, Mbeya, tunavaa soksi mbili mbili. Jioni ile jiko la mkaa lilikuwa katikati yetu, mimi napeta mchele wa sampuli wa kupeleka sokoni Mwanjelwa, mume wangu anasahihisha mitihani ya jiografia. Nikamwambia bila kuinua kichwa: "Mwalimu, mwaka huu naidai fungate yangu."

Hakuuliza fungate gani. Tulifunga ndoa Tukuyu mwaka 2013, tena mwezi wa Aprili, na anayeijua Rungwe ya Aprili anajua kwamba mvua ya kule hainyeshi, inamwagwa. Mpango ulikuwa siku tatu Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Gari tuliloazimwa na shemeji likazama kwenye tope kabla hatujaiona Kyela, tukaishia kwa shangazi yake: mimi na wifi zangu chumba kimoja, bwana harusi na wajomba sebuleni. Wazee walipoita fungate walimaanisha siku saba. Mimi nilipata usiku mmoja, na wifi ananikoromea sikioni.

"Basi twende Matema tukamalizie," akasema.

Hakuwa amekosea sana. Matema maji ni baridi, hayana chumvi, na Milima ya Livingstone imesimama pale pale majini kama ukuta. Ukifika Jumamosi unakuta vyungu vya Ikombe, vile vya akina mama wa Kikisi, vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi kuja kuuzwa soko la Lyulilo. Vyumba si ghali, na ukitoka Mbeya asubuhi mchana umefika. Lakini Matema huwezi kukaa nusu saa bila kukutana na mtu wa usharika wenu, na akishakuona atataka kujua watoto mmewaacha na nani. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza bei ya gunia. Nilitaka Unguja.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwenda Unguja ni tiketi tu, lakini kulala wapi ni kikao. Sokoni kila mtu akawa mtaalamu. Jirani yangu wa maharage akasema Nungwi, kuna watu na muziki. Dereva wa bajaji anayenibebea mizigo, ambaye hajawahi kuvuka Makambako, akaapa kwamba Paje ndiyo kila kitu. Mteja mmoja aliyewahi kufanya kazi visiwani akaniambia tulale Mji Mkongwe, baharini tuende asubuhi turudi jioni. Kuna mwingine akanitajia kisiwa cha Mnemba. Nikatafuta bei ya usiku mmoja kwenye simu, nikaifunga simu, nikaendelea kupeta mchele.

Bajeti yetu ya malazi ilikuwa laki nne na nusu kwa siku tano. Kwenye mtandao bei nyingi zimeandikwa kwa dola, na dola hizo ni za mgeni wa kutoka Ulaya. Nilichojifunza ni kupiga simu, kusalimia vizuri kwa Kiswahili, kisha kuuliza bei ya mkazi. Sehemu tatu nilizopiga, mbili walishusha papo hapo. Ya tatu walikata simu.

Nilichagua kwa picha, na nakiri kwa sababu najua siko peke yangu. Picha ilikuwa ya banda la makuti Jambiani, pwani ya kusini mashariki: bembea ya kamba kati ya minazi miwili, na hatua tatu mbele yake maji ya rangi ambayo sina jina lake, si buluu wala si kijani. Nikaagiza siku mbili za Mji Mkongwe, tatu za pale. Mwalimu akatazama ile picha, akasema, "Pazuri." Kumbuka alisema hivyo, maana huyu ni mtu anayefundisha jiografia.

Shule zilipofungwa tukawapeleka watoto kwa bibi yao Tukuyu, tukapanda basi alfajiri. Safari ya Dar es Salaam kwa basi huna haja ya kuisimulia kwa mtu wa Mbeya. Niseme tu kwamba joto lina mpaka wake, na mpaka wenyewe uko chini ya mlima Kitonga. Basi linashuka zile kona, watu wamekunjamana kwenye makoti; likifika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na mibuyu, abiria wote wanavua masweta kama waliopigiwa kengele. Tukaona twiga Mikumi. Tukashuka Stendi ya Magufuli usiku, miguu imevimba, tukalala kwa mdogo wake Mwalimu, Mbezi. Asubuhi tukavuka kwa boti ya haraka, mwendo wa kama saa mbili hivi. Nusu ya kwanza Mwalimu alinieleza mikondo ya bahari. Nusu ya pili alikuwa ameshika kile kifuko wanachogawa, na kuhusu mikondo hakusema tena.

Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe ilikuwa ndani kabisa ya vichochoro, gari haliingii, kwa hiyo begi tulilikokota wenyewe juu ya mawe. Mlango wa nakshi, ngazi za mwinuko wa kumkata mtu pumzi. Mzee wa mapokezi akatupokea vizuri, akachukua vitambulisho, akavitazama, akatutazama.

"Samahani wazee wangu. Cheti cha ndoa mnacho?"

Mume wangu ni mtu mpole, lakini niliona masikio yake yakibadilika. Mke wa miaka zaidi ya kumi, watoto watatu, aombwe cheti kama mwanafunzi aliyetoroka bwenini! Mimi kicheko kilinibana. Nikakumbuka kwamba ndani ya simu nina picha ya harusi yetu: nimeshika gauni juu ya magoti, matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, yeye ananishikia mwavuli uliovunjika mbavu, na mchungaji nyuma yetu akikimbilia kanisani. Mzee akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndoa," akasema. Akatupa ufunguo.

Chumba kilikuwa na semadari ya zamani, kitanda kirefu kwenda juu mpaka kina kijingazi chake. Pazuri, na pana mapenzi yake, lakini anayefikiria kulala mjini ajue mambo mawili. Kuta ni nene na vichochoro ni vyembamba, upepo haupiti. Bila kiyoyozi, mtu wa Mbeya anaiva. Pia pikipiki zinapita chini ya dirisha mpaka usiku, na adhana ya alfajiri inatoka misikiti minne kwa mpigo. Mimi sikuchukia. Tulikula urojo Forodhani tumesimama, tukaitazama Beit el Ajaib, lile jumba la kale ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tukapotea mara tatu, na kila tulipopotea tulielekezwa na mtoto. Usiku mmoja ungetosha.

Siku ya pili tukapanda daladala kwenda kaskazini kuiona hiyo Nungwi ya jirani wa maharage, na Kendwa iliyo ubavuni mwake. Tulifika yapata saa nne asubuhi. Maji yalikuwa pale, unaingia hatua chache yanakufika kiunoni. Watu wengi, wauza mashati, maspika. Mwalimu akaogelea, nikamwambia Jambiani itakuwa hivi hivi bila kelele. Hatukujua kwamba hata pale bahari ilikuwa imepwa. Upande ule kina kinashuka haraka, hivyo mgeni haoni tofauti kubwa.

Jambiani tulishuka kesho yake kama saa tano. Banda lile lile, minazi ile ile miwili, bembea ile ile. Nikaenda mbele ya bembea nihesabu zile hatua tatu.

Mchanga. Mchanga mweupe uliolowa, madimbwi, majani yaliyolala, ngalawa mbili zimeegemea ubavu kama ng'ombe waliochoka. Kwa mbali sana, pale mawimbi yanapopiga mwamba, mstari mweupe. Bahari yenyewe ndiyo hiyo.

"Mama," Mwalimu akaniita taratibu, "bahari yako imeondoka na nani?"

Nilitaka kulia, nisidanganye. Nikamfuata kijana wa mapokezi nikamwambia picha yenu ya uongo. Akaniambia kwa adabu kwamba si ya uongo, ila ni ya saa kumi.

Hatukuwa na la kufanya, tukavaa yeboyebo tukaanza kuifuata bahari kwa miguu. Huko ndani tukawakuta akina mama wameinama kwenye maji ya kifundo cha mguu, kanga zimefungwa viunoni, wanafungua mwani kwenye kamba. Vijiti vimechomekwa kwa mistari, kamba imekazwa toka kijiti hadi kijiti, na mwani umening'inizwa vishada vishada, kama mtu aliyepanda matuta ya viazi chini ya bahari. Nikamwamkia mmoja, mtu mzima.

"Marahaba. Mwatoka bara?"

"Mbeya, bibi."

"Eee! Kwenye mchele!"

Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Basi tukawa ndugu. Akataka kujua kwa nini siku hizi mchele wa Mbeya unachanganywa na mwingine, nikamweleza unavyofanyika na wanakochanganyia, na jinsi ya kuujua kwa kuutafuna mbichi. Naye akanieleza bahari. Akasema mwezi umepevuka juzi, kwa hiyo hili ni bamvua: maji yanakwenda mbali kabisa na yakirudi yanarudi juu kabisa. Ndiyo siku zao za shamba. Asubuhi mpaka mchana yamekupwa, alasiri yanajaa, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, karibu saa nzima. "Mngalikuja mwezi saba au ishirini na mbili, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Hamkutazama mwezi?"

Nikamgeukia mume wangu. Mvutano wa mwezi na jua, maji kujaa na kupwa: ameuchora ubaoni tangu hatujaoana, kwa chaki ya rangi, na watoto wa watu wamefaulu. Alikuwa ameinama anatazama kiti cha pweza, kile kiumbe cha baharini chenye umbo la nyota, chekundu, kikubwa kama sahani, kilichobaki kwenye dimbwi.

"Nafundisha," akasema bila kunitazama. "Sikujua kinakuja na wewe."

Sijui alimaanisha nini na sikumuuliza. Turudi kwenye mchanga: mawe yenye utelezi yalikuwa mengi, akanishika mkono. Kwetu mwanaume hamshiki mkewe mkono barabarani, hasa mwalimu. Mawe yakaisha, mkono akausahau.

Kuanzia hapo tuliishi kwa saa ya bahari, na nathubutu kusema kwamba kwa wawili waliochoka na kelele za dunia, upande ule ni bora kuliko kaskazini, alimradi ujue unachonunua. Asubuhi unatembea pasipo na mtu. Mchana unalala. Saa kumi unasikia mlio kama mtu anayeburuta gunia: maji hayo yanarudi, yanajaza madimbwi, yanaziinua ngalawa, na hayo hapo chini ya bembea. Upepo wa kusi unavuma mwezi huo kutwa na usiku, makuti yanapiga kelele. Wageni wengine walilalamika, mimi nilijifunga kitenge nikajisikia niko Uyole. Ila kama hamu yako ni kuogelea saa yoyote unayojisikia, usije huku. Nenda Kendwa, vumilia maspika.

Jioni ya mwisho maji yalijaa jua linapozama nyuma yetu, maana pwani ile inatazama mashariki. Tukaingia na nguo zetu. Mimi sijui kuogelea. Nilimshika shingoni, maji ya chumvi yakinipiga kidevuni, nikamwambia sasa hivi ndiyo najiona nimeolewa. Akasema mbona cheti hatuna. Tulikaa mpaka vidole vikakunjamana, tukatoka, tukala pweza wa nazi kwenye benchi, na usiku ule mwezi ukachomoza kutoka baharini, umeanza kuliwa upande mmoja. Safari hii niliutazama.

Wiki iliyopita wifi yangu, yule yule wa kukoroma, amenipigia simu. Anaolewa Desemba. Yeye na mwenzake wameamua fungate ni Unguja, ameshaona banda moja zuri kwenye mtandao lenye maji ya buluu mpaka mlangoni, anataka nimwambie kama alipie.

"Usilipe. Nipe tarehe kwanza."

"Ya harusi?"

"Ya mwezi. Ule wa juu."