Mlango wa launji haujui kadi yako

Kuna wasafiri wanaoamini kwamba wakifika launji, ule ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, kadi ya dhahabu ya uanachama wa shirika la ndege ikishatoka pochini, mambo yamekwisha. Wanaiweka kaunta taratibu, upande wenye jina ukiwa juu, kisha wanasubiri kukaribishwa. Mhudumu anaitazama kwa adabu, halafu anaomba bodingi pasi, ile hati ya kupandia ndege. Kadi inabaki pale pale ilipowekwa, hakuna aliyeigusa.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Ofisi hunituma huku na huko, na kwa kuruka sana nimepata hadhi ya dhahabu kwenye shirika lililomo ndani ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, na nimeishikilia. Milango ya launji nimeipita mingi, na michache imenikatalia. Ukiniuliza, ule ukaguzi wa mlangoni hauna uhusiano na heshima. Ni suala la malipo. Launji nyingi unazoingia kwa hadhi si mali ya shirika linalokusafirisha. Ni za shirika mwenza, au za mkandarasi, na kila kichwa kinachopita kinadaiwa mtu. Mashine ikilia, umezaliwa mstari kwenye ankara. Mwisho wa mwezi kuna mhasibu mahali fulani atakayeukataa mstari huo kama hauna cha kuuthibitisha. Mhudumu analijua hilo kuliko wewe. Suti yako haimsaidii, wala hadithi ya kwamba wiki iliyopita uliingia hapa hapa bila shida. Anataka safari ya leo, ndege ya shirika linalohusika, na alama ya hadhi iliyoandikwa na mfumo.

Hebu tuiangalie hiyo pasi yenyewe, kwa sababu watu wengi huishika bila kuisoma. Ule msimbo wa mistari au vinukta umewekewa utaratibu mmoja na IATA, chama cha mashirika ya ndege, na ndiyo maana mashine ya shirika moja inaweza kusoma pasi ya jingine. Ukiuskani kwa programu ya kawaida ya simu, unapata mstari mmoja mrefu wa herufi: jina la ukoo, mkwaju (/), jina la kwanza, namba ya buking, herufi tatu za uwanja unaotoka, herufi tatu za unakokwenda, namba ya ndege, siku, herufi ya daraja, kiti, na umekuwa abiria wa ngapi kuchekini. Mwezi haumo. Siku imeandikwa kwa kuhesabu tangu mwaka uanze, kwa hiyo tarehe 1 Februari ni 032. Jina nalo limetengewa nafasi 20 tu, mkwaju ukiwa ndani yake. Sisi wenye majina matatu marefu tunakatwa mkia, na mifumo mingine hulibandika MS au MR kwenye jina la kwanza bila kuacha nafasi, mpaka unajiona umekuwa mtu mwingine.

Namba ya uanachama ina nafasi yake humo, lakini iko kwenye sehemu ya hiari. Shirika likiiweka, imo. Lisipoiweka, pasi bado ni halali kabisa: utapita ukaguzi wa usalama, utapanda ndege, utakaa kwenye kiti chako. Mlangoni pa launji peke yake ndipo utakapokuwa abiria wa kawaida. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana ugomvi mwingi ninaoushuhudia kwenye kaunta zile unatokana nalo. Mtu anatetea hadhi ambayo hakuna aliyeikana. Hadhi ipo, ila haikusafiri pamoja na buking.

Mimi lilinikuta nikiwa kwenye safari ya kuunganisha ndege. Ratiba ilikuwa imebadilishwa siku kadhaa kabla, tiketi ikatolewa upya na shirika la pili, na katika kuitoa upya namba yangu ya uanachama ikadondoka. Sikuarifiwa, kwa kuwa upande wao hakuna kilichoharibika. Nilipofika mlangoni mashine ikawaka nyekundu. Mhudumu, dada mmoja mtulivu, akaigeuza pasi, akapitisha kidole chini ya jina langu, palipotakiwa kuwa na alama, pakawa patupu. Nikamwonyesha programu ya simu yenye kadi yangu. Akasema anaiona, na haitilii shaka, lakini akiniingiza kwa mkono lazima aandike sababu na herufi za jina lake, na sababu ya "nimeona simu" huwa inarudishwa. Nilicheka. Hayo ndiyo maneno ninayowaambia watu kazini kila siku: umeona, lakini nyaraka iko wapi?

Akanielekeza kaunta ya abiria wanaounganisha ndege. Kijana wa pale akafungua buking, akaandika upya namba yangu, akabofya, akasubiri, akabofya tena. Printa ikatoa karatasi mpya ikiwa bado na joto. Kiti kile kile, geti lile lile, ila pembeni ya namba ya uanachama sasa palikuwa na nyota na herufi G. Vitu viwili hivyo tu. Niliporudi, yule dada aliiskani, taa ikawa kijani, na hakuinua hata uso.

Kwa Star Alliance, basi, tafuta *G au maneno ya Gold. Oneworld, muungano mwingine, huandika Emerald au Sapphire, na tofauti hiyo ina maana: Sapphire inakufikisha launji za daraja la biashara, Emerald inakufungulia hata za daraja la kwanza, haidhuru umekaa kiti gani. SkyTeam, muungano wa tatu, wana Elite Plus. Alama isipoonekana kwenye karatasi, usiondoke kauntani. Pale ulipochekini kuna mtu mwenye uwezo wa kuandika kwenye mfumo. Kule mlangoni kuna mtu mwenye uwezo wa kusoma tu.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya hata wasafiri wakongwe. Unaweza kukataliwa na launji ya shirika lako mwenyewe, kwenye ndege ya shirika lako mwenyewe, huku mgeni wa shirika jingine mwenye hadhi sawa na yako akipita pembeni yako. Haya si makosa ya mhudumu. Mwanachama wa United, shirika la Marekani lililomo Star Alliance, mwenye hadhi ya Gold akisafiri ndani ya Marekani tu, hadhi hiyo haimpi United Club, launji ya shirika hilo. Mwenye Star Alliance Gold kutoka shirika la nchi nyingine, akiwa kwenye ndege hiyo hiyo, anaingia. American, shirika jingine la Marekani, nao wana utaratibu wa namna hiyo kwa wanachama wao wa safari za ndani, ilhali mwenye kadi ya fedha (Silver) ya British Airways, ambayo kwa oneworld ni Sapphire, anakaribishwa. Delta, nalo la Marekani, ni tofauti kidogo: kwa SkyTeam, Elite Plus inategemea safari ya kimataifa.

Ukiliangalia kwa macho ya mwanachama, ni dharau. Ukiliangalia kwa macho ya mwenye daftari, linaeleweka. Mashirika hayo huuza uanachama wa launji kwa mwaka, na wateja wao wakubwa wako nyumbani. Wakimruhusu kila mwenye hadhi bure, nani atanunua? Mgeni wa mbali ni mmoja mmoja, na shirika lake linamgharamia. Mimi naelewa hesabu hiyo, lakini sikubaliani na namna inavyofichwa. Iko kwenye masharti, chini kabisa, wakati tangazo la hadhi juu kabisa limepambwa picha ya kochi.

Kosa jingine ni ndege iliyovaa namba ya shirika moja na kurushwa na jingine. Tiketi imeandikwa namba ya mwanachama wa muungano, unajiona umo. Unafika getini unakuta ndege ni ya shirika lisilo na undugu na mtu. Launji inaangalia nani anarusha. Mstari wa "inaendeshwa na" uko kwenye tiketi siku zote, kwa herufi ndogo, na inafaa kuusoma siku ya kununua.

Kuhusu muda, neno "leo" nalo lina mipaka. Kwa Star Alliance, ndege iwe ya siku hiyo hiyo, au iondoke kabla ya saa 11 alfajiri ya siku inayofuata. Kwa hiyo mwenye ndege ya saa 8 usiku asikate tamaa akiona tarehe mbili tofauti; aonyeshe tu saa. Na hadhi ni ya kuondoka, si ya kufika. Ukishashuka, safari yako imekwisha, hakuna unachodai, isipokuwa pale shirika linapotoa launji ya wanaowasili kwa masharti yake. Baadhi pia wameweka kikomo cha kuingia mapema: Delta tangu Juni 2022 hawaruhusu kuingia zaidi ya saa 3 kabla ya ndege yako, ukiacha wanaounganisha. Ni msongamano. Mtu alikuwa anaweza kuhamia humo asubuhi na ndege yake ni ya jioni.

Watu huniuliza kwa nini mashine, kwa nini asirudi yule mzee wa mapokezi aliyewajua wateja kwa sura. Alikuwepo kweli. American walipofungua Admirals Club, launji yao ya kwanza, kwenye uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, uliingia kwa kualikwa, na walioalikwa walikuwa wachache wenye majina. Ukaguzi wa aina hiyo ni mwepesi sana kwa aliyemo na hauna rufaa kwa asiyekuwemo. Mimi nachagua mashine, hata ikinikatalia.

Ila nayo mashine nina kesi nayo. Mwaka 2016, Przemek Jaroszewski, ambaye wakati huo aliongoza kikosi cha Poland cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, alionyesha kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi wa kompyuta, programu ndogo ya simu aliyoitengeneza mwenyewe. Unaandika jina lolote, namba ya ndege, unakokwenda na daraja. Inakutolea msimbo wa QR, na mashine za launji kadhaa za Ulaya zilikuwa zikiukubali. Kinachonifurahisha ni kilichomfanya aitengeneze: alikuwa na hadhi halali ya dhahabu, na mashine ya Warsaw ilimkatalia. Mwenye haki alifungiwa, msimbo wa kubuni ukafunguliwa, kwa sababu ile ile moja. Mashine ilikuwa inaamini kile karatasi inachojisemea bila kwenda kuuliza orodha ya abiria. Katika kazi yangu, nyaraka inayojithibitisha yenyewe haihesabiwi kuwa ushahidi. Na siwahimizi mjaribu: Singapore, kwa mfano, eneo la ndani ya uwanja linalindwa kisheria, na anayetumia vibaya bodingi pasi kuingia humo anaweza kutozwa faini hadi dola 20,000 za nchi hiyo, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili.

Tatizo ni kwamba launji zikibana kwa ajili ya walaghai, anayebanwa kwanza ni yule ambaye buking yake ina dosari ndogo. Jina kwenye uanachama lina majina matatu na tiketi ina mawili: mfumo unakataa kuoanisha. Wakala wa ofisi ameweka namba ya uanachama ya shirika jingine unalolikusanyia maili: hadhi inayosomwa ni ya kule, na kule wewe ni mtu wa chini. Pasi ya simu imehifadhiwa kama picha tangu jana, hadhi ikaongezwa leo asubuhi: picha haijui. Ndiyo maana mimi huchukua karatasi hata kama nimechekini kwa simu.

Halafu kuna suala la mgeni. Gold wa Star Alliance anaruhusiwa mgeni mmoja, naye awe na ndege ya muungano huo siku hiyo. Nimemwona mama mmoja mlangoni, hadhi yake haina doa, ana watoto wawili, mmoja amelala begani. Mmoja ni mgeni. Na wa pili? Yule mhudumu alikwenda kumwita msimamizi, na msimamizi akawaingiza wote watatu. Baadhi ya mashirika huwapokea watoto kwenye launji zao wenyewe. Kwenye za washirika inategemea aliye zamu. Kama kuna mahali ningeandika hoja ya ukaguzi kwa wino mwekundu, ni hapo. Kanuni inayomtaka mzazi achague mtoto haikuandikwa na mtu aliyewahi kusubiri ndege na watoto.

Kwa hiyo ukikataliwa, na alama ya hadhi imo, ndege ni ya leo na anayeirusha ni mwanachama, usianze na historia ya uaminifu wako kwa shirika. Uliza mashine imetoa sababu gani. Huwa inaonekana kwenye skrini ya mhudumu. Kisha omba msimamizi wa zamu kwa sauti ya kawaida, na uwe na pasi ya karatasi mkononi. Akikataa naye, piga picha ya pasi kabla hujapanda ndege, andika saa na jina la launji, na uwaandikie waliokupa hadhi. Si waliokuzuia. Hao wa mlangoni hawakuahidi kitu.